Nimepeleka picha za wazazi kusafishwa, zimerudi vichwa vimekatwa na mama kageuzwa mweupe. Naweza kudai warudie bure?

Binti Kibosho

Habari za muda huu wakuu, naombeni mawazo maana nina hasira na sijui nianzie wapi.

Wazazi wangu wanafikisha miaka 50 ya ndoa, walifunga 1975, na sisi watoto tumeandaa misa ya shukrani na kasherehe ka kifamilia nyumbani Moshi. Mimi niko Dar kwahiyo nikapewa kazi ya picha, mbili kubwa za kuweka kwenye fremu na nyingine ndogo ndogo za albamu saizi ya postikadi. Moja ya hizo kubwa ni ya harusi yao, nyeusi na nyeupe, ipo hiyo hiyo moja tu hakuna kopi wala mkanda wake, mama kaitunza ndani ya Biblia miaka yote. Nyingine ni ya familia nzima tulipiga kwa simu Krismasi iliyopita, wazee katikati wamekaa, sisi nyuma tumesimama, wajukuu chini kwenye mkeka.

Nikaenda duka moja lipo kwenye jengo kubwa la maduka, sitaji jina. Nilichagua pale makusudi kwasababu nilijua wana mashine nzuri na bei yao ni ya juu kuliko za mtaani, nikajua nalipia utulivu. Nimefika na picha zote kwenye flashi, dada wa kaunta akasema flashi hawapokei zina virusi, nirushe kwenye WhatsApp ya ofisi. Nikauliza hazitapungua ubora? Akajibu kila mtu anarusha huko, huku anaangalia simu yake. Ile ya harusi nikaiacha waiskani, nikamwambia kabisa dada hii ni moja tu, akaitupia kwenye droo hata bahasha hakuna. Nikaomba bahasha ndio akatoa.

Wakaniambia kesho saa nne. Kesho saa nne haijaguswa, mashine inasubiri wino. Njoo jioni. Jioni aliyepokea oda hayupo na hakuna aliyejua oda yangu iko wapi wakati nililipa hela yote mbele. Nikaendelea kuzungushwa hivyo hivyo, napiga simu haipokelewi, nikienda naambiwa kaa kidogo.

Siku nimepewa bahasha nimefungua pale pale kaunta na ndio hapo nilipochoka. Picha ya familia, kaka zangu wawili waliosimama nyuma wamekatwa kichwa usawa wa macho, na chini mtoto wa mwisho amebaki nusu. Mama yangu ana baka la kuzaliwa shavuni na mikunjo yake ya miaka 70 na kitu, wamefuta vyote, wakamng'arisha uso mpaka amekuwa mweupe, shingo nyeusi uso mweupe. HAKUNA aliyewaomba waediti. Baba naye wamempaka midomo kama kavaa rangi. Zile ndogo za albamu zote zina kaukungu. Na picha ya harusi nimerudishiwa ikiwa na selotepu nyuma na kona moja imekunjika, eti waliibandika ili isiteleze kwenye skana.

Nikasema hizi sizichukui. Dada akasema "mashine ndio inakata yenyewe", akamwita msimamizi, msimamizi akasema wateja wote wanapenda wang'arishwe na kwamba mali ikishatoka kwenye mashine hairudishwi, nikitaka nyingine nilipie upya. Hakuna hata pole. Hakuna aliyeitazama hata hiyo picha, wananijibu macho yako kwenye kompyuta. Hapo ndio paliponiuma kuliko hela, maana ule ni uso wa mama yangu, mtu angeinua tu ile karatasi akaiangalia angeona.

Maswali yangu: 1) nina haki ya kudai warudie au warudishe hela? 2) kweli mashine inakata yenyewe? 3) nifanyaje safari hii zitoke vizuri, maana misa imekaribia.

Mangi wa Tabata

Pole sana dada. Mimi walinifanyia hivyo hivyo kwa picha ya marehemu shemeji yangu, ya kuweka mbele ya jeneza, kijana wa studio akamvalisha suti ya kompyuta na kumfuta ndevu bila kuulizwa. Mke wake alivyoiona alilia upya, akasema huyu simjui. Tukaitoa tukaweka ya kwenye kitambulisho iliyokuzwa, mbaya mbaya lakini ni yeye. Hii tabia ya kusafisha watu sura inatakiwa ikome kabisa, uulizwe kwanza.

Fundi wa Chumba cha Giza

Binti Kibosho pole, nimefanya kazi hii tangu enzi za mkanda na dawa mpaka mashine za kuprinti za Noritsu na Frontier zilivyoingia, na nikasimamia kaunta muda mrefu, ngoja nikujibu namba 2 na 3 kwa kirefu.

Mashine haikati yenyewe. Mashine inafuata ilichoambiwa. Picha ya simu kwa kawaida ina umbo la 4 kwa 3. Karatasi ya postikadi ni inchi 4 kwa 6, yani umbo la 3 kwa 2, ni refu zaidi. Ukitaka picha ijaze karatasi yote bila ukingo mweupe lazima kuna sehemu itoke, na kwa picha ya kulala kama yenu inayotoka ni juu na chini, karibu asilimia 11 ya kimo chote. Kwenye picha ya mtu mmoja kasimama bustanini huoni tofauti. Kwenye picha ya familia iliyojaa fremu, hiyo asilimia 11 ndio vichwa vya waliosimama na watoto waliokaa chini. Sasa mwendesha mashine ana vitu viwili vya kuchagua pale kwenye skrini, aijaze karatasi au aiingize picha nzima ibaki na ukingo mweupe pembeni. Ni kubofya tu. Na hata akiijaza anaweza kuisogeza ile sehemu inayokatwa ili atoe chini zaidi abakize vichwa. Kazi ya nusu dakika. Aliyekwambia mashine ndio inakata hajaifungua picha yako hata mara moja, kazitupa zote kwa mkupuo akabonyeza printi.

Halafu kwa ile kubwa, hebu angalia walikuprintia saizi gani. Kama ni inchi 12 kwa 18 basi ndio hapo hapo, hiyo nayo ni 3 kwa 2. Ungepewa 12 kwa 16 picha yako ingeingia nzima bila kukatwa hata nywele, maana 12 kwa 16 ni 4 kwa 3 kamili sawa na simu. Fundi anayejali anakuuliza fremu yako ni saizi gani kabla ya kukuandikia risiti.

Suala la WhatsApp. Ukituma picha kawaida inabanwa, upande mrefu unabaki kama pikseli 1600 hivi, yani vile vidoti vidogo vinavyounda picha. Kwa postikadi hiyo sio mbaya sana, kiwango kizuri ni pikseli 300 kwa kila inchi, yani 1200 kwa 1800, kwahiyo 1600 unakaribia. Ndio maana nakwambia kaukungu kwenye zile ndogo nadhani sio WhatsApp, ni kichwa cha printa kichafu au wameprinti kwa haraka kwenye hali ya kubana wino, au wamepitisha ile ya kulainisha nyuso kwa picha zote. Lakini kwa ile ya fremu, 1600 ukiigawa kwa inchi 16 unabaki na pikseli 100 kwa inchi, hapo lazima ilegee. Kwahiyo kukulazimisha urushe WhatsApp kwa picha ya fremu lilikuwa kosa la duka. Virusi kwenye flashi ni kweli vipo, sisi zilitusumbua sana, lakini duka kubwa linatakiwa kuwa na kompyuta ya pembeni ya kupokelea flashi. Na kama lazima WhatsApp, basi mtume kama dokomenti, sio kama picha, hapo inaenda ilivyo bila kubanwa. Tangu 2023 kuna na kile kitufe cha HD, kinasaidia lakini nacho kinapunguza kiasi, dokomenti ndio salama.

Kung'arisha. Hili linaniuma mimi kama mtu wa fani. Rangi yetu watu weusi imeonewa kwenye picha tangu zamani. Kodak walikuwa wanasambaza kwa maabara kadi ya kupimia rangi yenye picha ya mwanamke mzungu, mafundi waliiita Shirley, ukipanga mashine mpaka uso wa Shirley ukae sawa basi umemaliza, na sisi uso unatoka kivuli kitupu meno tu yanaonekana. Miaka ya 1990 ndio wakaja kutoa kadi yenye wanawake wa rangi tofauti. Leo tuna mashine na simu zinazoweza kuitoa rangi ya mama yako vizuri kabisa, ule weusi wenye mng'ao wa kahawia, halafu kijana wetu mwenyewe anakaa kwenye kompyuta anaifuta. Anafanya kwasababu kuna wateja wanaomba, sawa, ila aliyeomba ndio afanyiwe. Kuna pia ile rekebisha otomatiki ya mashine, inaona uso mweusi inadhani picha ina giza inaongeza mwanga. Mwambie fundi azime marekebisho yote, anajua ilipo.

Unapoenda tena fanya hivi: omba aprinti MOJA ya mfano kwenye karatasi ile ile, iangalie mlangoni kwenye mwanga wa jua sio chini ya taa za dukani, ukiridhika ndio aendelee na zilizobaki. Na mwandikishe kwenye risiti maneno haya: picha nzima, usikate, usiediti uso. Ikiandikwa hana pa kukimbilia.

Kaunta ya Nne

Mimi niko upande wa pili, nafanya kazi studio Mwanza, na nasema kwa heshima yote, sio kila kosa ni la duka. Watu wanaleta skrinshoti ya stetasi ina mpaka saa na chaji ya betri juu, anataka ya ukutani, na anataka sasa hivi gari inaondoka. Ukimwambia itatoka na ukungu anakwambia wewe toa tu, ikitoka anagomba. Umeme unakatika katikati ya kazi, ribon, ule utepe wa wino wa printa, ikiishia njiani karatasi imeharibika na bosi anakata kwenye mshahara wetu. Na huyo dada wa kaunta unayemlaumu mara nyingi hajui hata kompyuta, kazi yake ni kupokea hela, anayeprinti yuko chumba cha nyuma na mteja hamuoni kabisa.

Ila kwa hili la Binti Kibosho siwatetei. Kutokuonyesha picha kwenye skrini kabla, kuediti bila ruhusa na kuweka selotepu kwenye picha ya zamani, hapana. Sisi ukileta picha ya zamani inaskaniwa ukiwa umesimama hapo hapo unaondoka nayo, haibaki kwetu hata lisaa.

Binti Kibosho

Kaunta ya Nne asante kwa kuongea ukweli, na hayo ya kukatwa mshahara sikuyajua, nimeelewa kwanini wanakuwa wagumu kukubali kosa. Lakini mimi nilileta picha kwenye flashi zikiwa kamili, sikuwa na haraka ya gari, nililipa yote mbele na niliuliza swali la ubora mapema. Wangenijibu vizuri tu pale mwanzo yote haya yasingetokea.

Fundi, nimepima, ni 12 kwa 18 kweli!! Na fremu niliyonunua ni 12 kwa 16, kwahiyo hata wangeitoa vizuri isingeingia. Hawakuniuliza kabisa.

Nipo Umoja

Pole dadangu, niko Nairobi na huku ni vile vile, ukienda zile studio za River Road kazi inafanywa mbele yako haraka na bei ni poa lakini usipokaa macho wanakupea karatasi tofauti na ile umelipia, unaambiwa glosi unapata ile nyembamba inajikunja baada ya wiki.

Mimi kilichonikasirisha sio kuprinti, ni kupata picha ya mtoto wangu ya siku ya ubatizo imebandikwa dirishani kama sampo ya kuvutia wateja. Nilipouliza wakasema si ni picha nzuri. Ni nzuri lakini ni ya nani? Nikawaambia watoe, wakatoa kwa kununa. Huku tuna sheria ya data ya 2019, na mwaka 2023 ofisi ya Kamishna wa Data ilipiga shule moja faini ya zaidi ya shilingi milioni 4.5 juu ya kuweka picha za watoto bila wazazi kukubali, kwahiyo hii si mambo ya mchezo. Ukienda kudai, waulize pia picha zako bado ziko kwa hiyo simu ya ofisi na kompyuta yao? Waambie wafute ukiwa hapo.

Wakili wa Mtaani

Najibu namba 1, kwa Tanzania.

Kile kibao cha "mali ikishauzwa hairudishwi" wengi wanakiamini kama ni amri ya serikali, siyo. Sheria ya Ushindani namba 8 ya mwaka 2003 inamlinda mlaji, na huduma uliyolipia inatakiwa ifanywe kwa uangalifu na ujuzi. Kibao ukutani hakifuti hilo. Wewe hujabadilisha mawazo, wewe umepewa kazi mbovu, ni vitu viwili tofauti. Una haki ya kudai warudie kazi au warudishe hela.

Sasa hatua. Usizichukue hizo picha mbovu ukazichana kwa hasira, ndio ushahidi wako. Tafuta ile risiti ya EFD, ya mashine ya kodi, kama hawakukupa ya EFD hilo nalo ni tatizo lao na TRA, watu wa mapato. Zipige picha za mwanzo na zilizotoka zikiwa pembeni kwa pembeni. Halafu andika barua fupi, hata ukurasa mmoja, kwa MMILIKI au meneja sio kwa msimamizi wa zamu, eleza ulichoagiza, ulichopewa, unachotaka na siku ya mwisho ya kujibu. Peleka nakala mbili, moja wagonge muhuri ubaki nayo. Kesi nyingi zinaishia hapo hapo, mwenye duka akiona muhuri na nakala anajua huyu hatanii. Wakikaa kimya peleka malalamiko Tume ya Ushindani, FCC, wana kitengo cha kumlinda mlaji. Mahakama ya Mwanzo ipo pia lakini kwa kiasi hicho cha hela utachoka bure.

Na alichosema wa Umoja ni kweli hata huku, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika Mei 2023, na picha ya uso wako ni taarifa binafsi. Kwenye barua ongeza sentensi moja, kwamba unataka wafute picha zote za familia yako.

Mangi wa Tabata

Na usisahau ile ya selotepu, iandike kwenye barua kabisa. Karatasi wanaweza kuprinti nyingine, ile ya 1975 hawawezi.

Binti Kibosho

Wakuu nimerudi na mrejesho.

Nilipeleka barua kama alivyosema Wakili. Msimamizi alikataa kugonga muhuri mara ya kwanza, nikakaa kwenye kiti cha wateja nikamwambia nasubiri, wateja wengine wakaanza kuuliza kuna nini, akagonga. Kesho yake mwenye duka kanipigia mwenyewe, baba mtu mzima, kasema hakuwahi kuambiwa na wafanyakazi, kaomba radhi vizuri tu na karudisha hela yote kwa simu. Akataka warudie bure nikakataa, pale sirudi. Nimemuomba kitu kimoja tu, wateja waonyeshwe picha kwenye skrini kabla ya kuprinti, akasema ataweka skrini ya pili kaunta. Sijui kama ataweka ila alinisikiliza mpaka mwisho, na hilo nilikuwa nimelikosa muda wote.

Picha nimepeleka kwa kijana mmoja ana kachumba kadogo Kariakoo, nilielekezwa na mfanyakazi mwenzangu. Kapokea flashi, kafungua picha tukaziangalia wote, akaniuliza mwenyewe "dada hapa kwa mama nisiguse eeh?" kabla sijasema. Kaprinti moja ya mfano tukaenda kuitazama nje juani. 12 kwa 16, wote tumo, kaka zangu wana vichwa vyao na mama ana baka lake na rangi yake. Bei ni nusu ya kule.

Imebaki ile ya harusi. Selotepu bado ipo nyuma na naogopa kuibandua, kuna mtu anajua inatokaje? Mama bado sijamwambia.

Fundi wa Chumba cha Giza

USIIVUTE. Wala usipake maji, mafuta, petroli au moto wa draya kama watakavyokushauri watu. Gundi ikiwa nyuma na haisumbui mbele, iache ilivyo kwa sasa mpaka sherehe ipite. Kwanza ipige kopi leo hii hii, kwa skana ya huyo kijana, na yeye aiweke kwenye kioo bila kubandika chochote, pikseli 600 kwa inchi maana ni ndogo na unataka kuikuza. Kama skana hana, iweke mezani karibu na dirisha kivulini, zima flashi ya simu, simama juu yake wima usiinamishe simu, piga kadhaa uchague. Ile kona iliyokunjika ilaze chini ya kitabu kizito katikati ya karatasi nyeupe safi, usiilazimishe kwa kidole, picha za enzi hizo tabaka la juu likipasuka halirudi.

Ya kuweka kwenye fremu na kupeleka kanisani iwe kopi. Ya mwenyewe irudi kwenye bahasha ya karatasi, sio ya nailoni, nailoni inashika unyevu. Na mama mwambie tu kabla hajaigeuza mwenyewe akaiona.

Binti Kibosho

Sawa Fundi, naenda kwa yule kijana kesho asubuhi akifungua tu. Mama nampigia leo usiku. Asanteni wote.